Fungamano Lisilobeba Ujumbe

2 Februari

Kwako Maswali, mpwa wangu,

Pokea salamu kwanza, mengine yatafuata. Huku mvua imekataa kukatika, na uwanja wa kiwanda cha uchapaji umegeuka bwawa. Wasahihishaji wenzangu wa zamani wananiambia kwamba vijana wa sasa huingia kazini wakiwa wameshika viatu mkononi, jambo ambalo enzi zetu lingemfukuzisha mtu. Paka wa jirani amezaa tena ndani ya kabati langu la magazeti. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, ambayo yamestaafu kama mwenyewe. Ndiyo maana simu siitaki: mtu akinipigia, napiga kelele kama mnadi, na mwisho wa yote sijui nani ameoa na nani amezikwa.

Mama yako anakusalimu. Simu yake ilitumbukia kwenye beseni la kufulia na fundi amesema haitengenezeki, kwa hiyo usihangaike kumpigia. Cherehani yake nayo iko kwa fundi. Duka linashikwa na mshonaji mwenzake, Bi Vifungo, ambaye ataendelea kumwandikia barua zake kama siku zote, maana mwandiko wa mama yako hausomeki hata na yeye mwenyewe.

Sasa jambo lililonifanya niketi kuandika. Huu ni mwaka wa nne tangu uondoke, na watu wakiniuliza unasomea nini, najibu "fizikia" kisha naulizia watoto wao. Nieleze kazi yako kwa Kiswahili cha watu wazima wenye akili timamu. Uniandikie pia tarehe utakayosimama mbele ya watahini. Nataka tarehe kamili. Usiniandikie "hivi karibuni".

Mjomba wako

&nbsp;

27 Februari

Mjomba, shikamoo.

Nimecheka peke yangu kwenye basi niliposoma habari za paka. Huku baridi inauma meno. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta, na ukuta huo naujua sasa kuliko uso wangu. Mwenzangu wa ofisini amepata mtoto wa kike. Tumemnunulia kofia tano, zote kubwa. Nala vizuri, nalala kiasi.

Tarehe ni 28 Julai. Mwambie Mama. Na mwambie asinitarajie kabla ya hapo hata kwa siku moja: kibali changu cha kuishi huku kimefungwa na masomo, nikitoka kabla ya kutetea tasnifu, nafasi yangu inakwenda na kibali kinakwenda.

Kazi yangu ni hii. Kuna vitu vidogo sana, chembe, ambavyo vikizaliwa pamoja vinaweza kubaki vimefungamana. Ukizitenganisha chembe mbili, moja ukaipeleka upande wa pili wa dunia, kisha ukaipima hii iliyobaki, jibu linatoka kama sarafu iliyorushwa: juu au chini, huwezi kulijua mapema. Lakini mara tu unapolipata, unajua na ile ya mbali itajibu nini ikiulizwa swali hilohilo. Hakuna kitu kilichosafiri kati yao. Sisi tunaliita fungamano, na wengi tukilifikiria hatupati usingizi.

Mjomba, mbona Mama hanunui simu nyingine? Nilipiga dukani mara tano. Kila mara Bi Vifungo anasema, "Katoka kidogo tu, mwanangu." Mama yangu ninayemjua mimi hajawahi kutoka kidogo. Akitoka, mtaa mzima unaagwa.

Maswali

&nbsp;

25 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika imelowa pembe moja lakini inasomeka. Hongera kwa mwenzako kupata mtoto. Huku mfereji wa mtaa umezibuliwa hatimaye, na ndani yake kimepatikana kiti kizima, chenye miguu yote minne. Hakuna anayekubali kuwa ni chake.

Nimeisoma fizikia yako mara tatu, nami naona mnasumbuka bure. Chukua jozi ya viatu. Kimoja kitie kwenye boksi ukipeleke mbali, kingine kibaki kwenye boksi hapa. Nikifungua langu nikakuta cha kushoto, najua papo hapo kwamba chako ni cha kulia. Hakuna kilichosafiri, na hakuna muujiza: viatu vilijulikana tangu dukani. Kama serikali ya huko inawalipa kwa ajili ya viatu, Mungu aizidishie.

Mama yako hajambo. Hatoki sana kwa sababu ya tope. Simu atanunua tope likikauka.

Nimeiandika 28 Julai kwenye kalenda kwa wino mwekundu. Siku hiyo ikipita tutazungumza mengi. Kabla ya hapo kazi yako ni moja tu, nayo haiko huku.

Mjomba wako

&nbsp;

19 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mwenye kiti amejitokeza. Huku theluji imeyeyuka na kuacha uchafu wote wa miezi mitatu barabarani. Mtoto wa mwenzangu sasa anavaa kofia moja kati ya tano.

Hoja yako ya viatu si ya kijinga. Watu wakubwa walishikilia hoja hiyohiyo kwa miaka. Walisema chembe zimekwisha kupatana tangu zilipozaliwa: kila moja inabeba majibu yake mfukoni. Basi ikabuniwa njia ya kuwahakiki. Unazitenga, kisha kila moja unaiuliza swali lako, na swali unalichagua baada ya kuachana kwao. Waliopanga majibu mapema wanaweza kupatana juu ya maswali waliyoyatarajia. Ukiwabadilishia maswali ovyo, mapatano yao yana kikomo. Huwezi kupanga majibu yanayokaa sawa kwa kila mchanganyiko wa maswali. Chembe zilipoulizwa hivyo, zilipita kikomo hicho. Kwa hiyo si viatu, Mjomba. Ni kana kwamba kwao hakuna huku na kule.

Na hapo ndipo ninapofanyia kazi. Katika nadharia ya nyuzi, chembe si nukta, ni uzi mdogo unaotetemeka. Nukta unaweza kusema iko hapa. Uzi una urefu, hivyo neno "hapa" linakuwa na ncha mbili. Tena mahesabu yetu yanaonyesha, katika dunia fulani za kwenye karatasi, kwamba nafasi yenyewe, huu uwazi kati ya kitu na kitu, imeshonwa kwa fungamano. Fumua fungamano kidogo kidogo na sehemu mbili zinaachana, shingo iliyoziunganisha inakonda, mwishowe inakatika. Mwambie Mama mwanawe naye amekuwa fundi cherehani.

Jambo moja haliwezekani hata hivyo: kutuma ujumbe kwa njia hiyo. Kila upande peke yake unaona sarafu tu, juu, chini, chini, juu. Maana inaonekana siku mnapokutana na kulinganisha.

Sasa swali la kupumzisha akili. Nimemwandikia na Mama barua yake. Siku ile upepo ulipong'oa bati la duka, nani alishika ngazi, na nani alikimbia?

Maswali

&nbsp;

14 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Tope limekauka, na sasa tunalalamikia vumbi. Kiti kimechukuliwa na kinyozi wa pembeni, anakitumia kwa wateja, nao hawaulizi.

Nimeelewa kuhusu maswali yanayobadilishwa. Sikubali, lakini nimeelewa, na kwa umri wangu hiyo ni hatua.

Kuhusu ngazi: niliishika mimi. Mama yako alikimbia upepo ulipozidi, na mbwa wa muuza mkaa akachukua kandambili yake moja. Haya si maoni, ni historia.

Mama yako yupo. Anakuombea.

Hujaniambia kama maandalizi ya tarehe 28 Julai yanakwenda sawa. Barua yako ina kurasa nne, na tarehe hiyo haimo hata mara moja. Nimezoea kusoma maandiko ya watu, na kwa kawaida kilichoachwa ndicho ninachokitafuta kwanza. Nijibu.

Mjomba wako

&nbsp;

6 Juni

Mjomba, shikamoo.

Natumaini umeamka salama. Leo habari za huku sina.

Barua yako na barua ya Mama zilifika siku moja. Nimeziweka sambamba mezani. Mama, niliyemuuliza swali lilelile, anasema, kwa mkono wa Bi Vifungo: "Aliyeshika ngazi ni mjomba wako. Mimi nilikimbia upepo ulipozidi, mbwa wa muuza mkaa akachukua kandambili yangu."

Mjomba! Mama kukiri! Tangu nikiwa sijui kufunga kamba za viatu, ninyi wawili mnagombania ngazi ile kwenye kila mkusanyiko. Mama husema wewe ndiye uliyekimbia, ukajifungia stoo, ukatoka bati lilipokwisha kupigiliwa. Husimama kabisa na kuonyesha ulivyokuwa ukikimbia. Hamjawahi kukubaliana hata juu ya siku yenyewe kuwa Jumanne au Jumatano.

Juu ya simu mlipatana. Juu ya cherehani na tope mlipatana. Hayo mlijua nitayauliza. Ngazi hamkuitarajia. Na juu ya ngazi nimepata jibu moja kutoka pande mbili, mpaka kandambili. Ninyi si chembe. Watu wawili wasiokubaliana wakijibu sawa swali wasilolitarajia, basi anayejibu ni mmoja.

Barua ya Mama umeitunga wewe. Kwa nini Mama hawezi kumwambia Bi Vifungo maneno yake mwenyewe?

Siombi maelezo marefu. Waswahili walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Niambie kama ni maradhi.

Maswali

&nbsp;

11 Julai

Mjomba, shikamoo.

Jibu lako sijalipata. Najua barua huchukua wiki tatu kwenda na tatu kurudi, lakini kungoja kumenishinda. Bi Vifungo sasa hapokei simu ya duka. Jana iliita mpaka ikachoka.

Basi nianze mimi. Labda unangoja tarehe 28. Usiingoje. Mtihani uliahirishwa tangu Aprili. Umepelekwa Desemba, na hata Desemba si ya uhakika. Sura ya nne ya tasnifu yangu imeharibika. Katika hesabu yangu, ukifumua fungamano upande mmoja, upande wa pili unahisi papo hapo. Yaani ujumbe unapita. Profesa alisoma, akavua miwani, akaniambia, "Ukiona ujumbe umepita, usishangilie. Umekosea mahali. Tafuta." Nimetafuta miezi mitatu. Nafuta ukurasa, naandika upya, kosa linarudi na kuketi palepale. Usiku nasikia kalamu ikiandika, nikiamka mkono wangu hauna kalamu.

Sikuwaambia kwa sababu Mama alikwisha kuwaambia wateja wake tarehe. Nilijua angeona aibu, na nilijua wewe ungeniandikia kurasa tatu za nidhamu. Sasa ziandike hizo kurasa. Ziandike zote. Ilimradi ndani yake kuna neno moja kuhusu Mama.

Maswali

&nbsp;

2 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Salamu na habari za mtaa niwie radhi, leo ziachwe.

Mama yako alipatwa na kiharusi mwezi wa kwanza, akiwa dukani, anakata kitambaa cha sare za wauguzi. Upande wa kulia ulikufa ganzi, mkono na mguu. Maneno yalikuwa mazito lakini yalieleweka. Neno la kwanza alilonitamkia vizuri lilikuwa jina lako, na la pili lilikuwa "asiambiwe". Aliniapisha. Alisema, "Asiambiwe mpaka asimame mbele ya watahini. Akiambiwa atakuja, na akija watamfungia mlango." Nikaapa. Unajua amenilea yeye tangu nikiwa na miaka sita. Mtu aliyekufunga vifungo vya shati huwezi kumkatalia kiapo.

Nilihamia kwake. Barua za mwanzo ni zake kweli. Alisema, Bi Vifungo akaandika, mimi nikakaa kimya hata palipohitaji kusahihishwa. Mwishoni mwa Aprili kikaja kiharusi cha pili, nacho kikachukua maneno. Barua ya Mei nimeitunga mimi. Bi Vifungo aliandika huku analia, akaniuliza, "Kaka, una hakika na hili la ngazi?" Nikamjibu aandike anavyoambiwa. Kuhusu ngazi sitajitetea.

Barua yako ya Juni ilinikuta nikihesabu siku za kufikia tarehe 28. Nilisema moyoni, zimebaki wiki chache, kiapo kitakwisha chenyewe, nitamwambia kila kitu akiwa amekwisha kushinda. Kwa hiyo nilinyamaza. Sasa naona nilikuwa namlinda mtu wa mtihani usiokuwapo, na wewe ulikuwa unamficha aibu mgonjwa asiyeweza tena kuongea na wateja. Tangu Aprili kila mmoja wetu anashika nusu yake. Kama tungeziweka mezani pamoja, ungekuwa umekuja.

Jana nilimsomea barua yako, yote, pamoja na sura ya nne. Anasikia. Mkono wa kushoto bado una nguvu, na tumezoea hivi: akikubali hunibana kidole, akikataa huachia. Nikamuuliza, "Nimwambie?" Hakubana, hakuachia. Nikamuuliza, "Nisimwambie?" Vilevile. Alinitazama tu, na machozi yalitoka jicho moja, lile linaloweza. Nilingoja mpaka uji ukapoa.

Kwa hiyo uamuzi huu si wake. Kiapo nimekivunja mimi, na lawama ni yangu. Daktari wa zahanati amesema cha tatu kikija, hatutakuwa na muda wa kutuma habari. Hakusema lini, na mimi sikumlazimisha. Sikuambii uje, na sikuambii ubaki. Najua kibali, najua miaka minne, na najua mama yako alikuwa akishona mpaka vidole vinatoka damu ili uende. Nakuambia tu kilichopo, kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Kurasa za nidhamu sina.

Mjomba wako

&nbsp;

25 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye ngazi za posta, nikaisoma tena nimekaa.

Nimekwenda kwa profesa. Nilimwambia kwa ufupi. Akaniuliza kama najua kwamba nikitoka sasa hawezi kunishikia nafasi. Nikasema najua. Akauliza, "Na sura ya nne?" Nikamwambia sura ya nne iko mezani kwake, na kosa lake limo ndani bado. Afisa wa vibali alikuwa mpole, na hilo lilinitisha zaidi. Alipiga mhuri polepole, kama mtu anayefunga mlango asimwamshe mtoto.

Kiapo chenu kilikuwa kizuri, Mjomba, nami sina hasira nacho. Nina hasira na mwezi wa Juni. Tutaizungumza nikifika, na utanisikia hata kwa masikio hayo.

Ndege ya karibu niliyoipata ni ya tarehe 9 Septemba. Nimeulizia ya mapema kila mahali, hakuna. Kila nikilala nahesabu siku zilizobaki, kisha naogopa kuhesabu. Barua hii nimeilipia iende haraka; wamenihakikishia itanitangulia kwa wiki nzima. Usije kunipokea, kaa naye. Bi Vifungo naye aache kulia, ashike simu ya duka, nitapiga kila asubuhi.

Na usingoje nifike ndipo ajue. Usiseme anahisi, usiseme damu inajua. Labda inajua, lakini mimi nimechoka na mambo yanayojulikana bila mtu kuyasema. Ukiimaliza barua hii, iweke chini, sogea mpaka kwenye sikio lake la kushoto, na umwambie kwa sauti kwamba nakuja. Asipokubana kidole, mwambie tena.

Maswali